Mtumbwi Tulioushona Kibuli

Mimi ni fundi wa cherehani. Kanzu, gomesi za wanawake wa Kiganda, sare za shule, mapazia ya watu wenye madirisha makubwa kuliko nyumba zao: vyote vimepita chini ya sindano yangu kwa zaidi ya miaka thelathini, katika baraza ya nyuma ya nyumba ya marehemu baba, hapa Kibuli, Kampala. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba tutashona mtumbwi, nilidhani maradhi ya macho yameanza kumpanda kichwani.

Macho yake yalikuwa yanazimika. Nalisema mapema kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Daktari alisema ni presha ya macho, ile inayoanza kula pembeni, taratibu, kama panya anavyokula ukingo wa mkate, mpaka mtu anabaki kuitazama dunia kupitia tundu la bomba. Mwishoni tundu nalo huzibika. Dawa ya matone ingechelewesha tu. Niliuliza itachelewesha mpaka lini. Daktari akasema pengine mwaka, pengine chini ya hapo, na alipokuwa akisema alinitazama mimi, si mgonjwa. Hilo liliniudhi na linaniudhi hadi leo.

Mume wangu alikuwa polisi wa majini kabla ya kustaafu. Ni mtu wa kaskazini, mrefu, mpole, aliyesilimu ili anioe, na hupenda kuwaambia wageni kwamba mahari kubwa aliyotoa haikuwa ng'ombe bali kuacha nguruwe. Mimi humwita Afande, kwa utani. Yeye huniita Fundi, na sijawahi kujua kama naye anatania. Kiswahili chake ni cha kambini, alichofundishwa kwa amri na filimbi. Bibi yangu, ambaye watu wake walikuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, alikuwa akikisikia na kufumba macho kama mtu anayeumwa jino. Mimi nilikizoea mpaka nikakipenda.

Jioni ile tuliyotoka kwa daktari tulikaa barazani, mashine yangu imefunikwa, jua limelala juu ya mabati ya majirani. Halafu akasema:

"Fundi, mimi naangalia ile ziwa miaka mingi. Lakini naangalia kutafuta mwizi. Naangalia kutafuta maiti. Sasa nataka kuangalia tu. Bila injini, bila kazi. Kabla macho haijaisha."

"Basi tukodi mtumbwi Ggaba, twende Jumapili," nikamwambia.

"Hapana. Ya mimi."

Nikajua amekwisha amua. Mtu mpole akiamua, hata trekta halimsogezi.

Kumbe alikuwa amejiunga na kikundi kwenye simu, cha watu wanaojiundia mitumbwi na boti ndogo nyumbani kwao, wasio mafundi wa kazi hiyo. Kulikuwa na mwalimu wa Kisumu, daktari wa meno wa Entebbe, na muuza vipuri mmoja wa Mwanza ambaye sauti yake nzito ilijaza nyumba yetu kila asubuhi nikipika chai. Mume wangu hakuweza tena kusoma maandishi madogo, kwa hiyo wenzake walimwachia ujumbe wa sauti. Huyo wa Mwanza ndiye aliyetufundisha. Alisema huhitaji gogo la mvule wala mbavu za mti. Unahitaji plaiwudi nyembamba, ukate vipande kwa kufuata karatasi kama unakata nguo, utoboe matundu madogo kwenye kingo, ushone kipande na kipande kwa vijiti vya waya wa shaba, kisha upake gundi kwa ndani. Gundi ikikauka unachomoa waya, na mtumbwi unasimama wenyewe.

Nilisikiliza nikakoroga chai mpaka ikapoa. Ile haikuwa kazi ya seremala. Ilikuwa ni kupiga bandi, kama tunavyoshikiza nguo kwa mishono mirefu kabla ya kuipeleka mashineni, halafu tunafumua uzi wa kushikizia. Bibi alikuwa akisimulia kwamba kwao vyombo vilishonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, nasi wajukuu tukaamini anatia chumvi. Baadaye mteja wangu mmoja wa visiwani akaniambia kwamba hata mitumbwi mikubwa ya ziwa hili letu zamani ilishonwa. Nikaona haya kidogo.

Binti yetu, anayefanya kazi mbali, alituma michoro kwa simu. Tukaichapisha Nasser Road kwenye karatasi kubwa, za ukubwa wa mtumbwi wenyewe, wa viti viwili. Plaiwudi tuliitoa Ndeeba. Waya wa shaba tuliununua Kikuubo, tukibanwa na mabunda ya sabuni na ndoo za plastiki, mimi mbele nikimwita, "Kulia kuna mkokoteni. Kushoto mama na ndizi. Ngazi," naye nyuma akiwa ameshika ncha ya mtandio wangu. Kitambaa cha nyuzi za kioo, cha kufunika mbao ili isinywe maji, tulikipata kwa mafundi wanaoziba bampa za magari huko viwandani. Nilikishika kile kitambaa kwa vidole nikasahau nilikokuwa. Kilianguka vizuri kuliko hariri yoyote niliyowahi kukata.

Mwezi wa pili tukaanza. Sehemu ya juu, ile ya kufunika omo na tezi, yaani mbele na nyuma, mume wangu aliikata mwenyewe. Alifuata ukingo wa karatasi kwa kidole cha kushoto, msumeno mdogo ukifuata kidole, na kipande kimoja kilimchukua siku tatu. Nilikosa uvumilivu. Nikamwambia vipande vya chini, vile virefu sita, anipe mimi. Nimekata vitambaa maisha yangu yote, mbao nyembamba ingenishinda nini?

Nikalaza karatasi juu ya plaiwudi, nikashika chaki, nikazungusha mistari. Nilikata siku mbili tu. Nilijisifu, na nilijisifu kwa sauti.

Tulishona mwezi wa tatu. Sitausahau. Asubuhi nilishona nguo za watu, alasiri nilishona mtumbwi. Alitoboa, mimi nikapitisha waya, akasokota ncha kwa koleo. Mbao zilizokuwa bapa zikaanza kuinuka, zikajikunja zenyewe, na ghafla barazani kukawa na kitu chenye tumbo na pua. Wateja walikuja kuchukua gomesi zao wakakaa ndani yake kungojea, viatu wamevua, mikono wameweka pembeni, wakizungumza kwa sauti za chini kama watu walio majini tayari. Mwanamke mmoja alilala usingizi humo mpaka adhana ya alasiri ikamwamsha.

Ncha za mbele ziligoma kukutana. Nikazivuta kwa waya, nikazibana, nikazilazimisha. Nimewafungia zipu mabibi harusi wengi waliokuwa wamenenepa tangu siku ya vipimo, sikuona ajabu. Tukapaka gundi, tukaiacha ikauke.

Siku tuliyoleta zile sehemu za juu alizokata yeye, tukaziweka mahali pake, zikatumbukia ndani. Zilianguka kama mfuniko wa sufuria ndogo kwenye sufuria kubwa. Mume wangu akaingiza mkono kwenye nafasi iliyobaki, akapima kwa kidole gumba, akapima upande wa pili, akarudi wa kwanza.

"Inchi," akasema. "Kila mahali, inchi."

Hapo nikaelewa. Inchi moja ndiyo ninayoongeza kwenye kila kitambaa, nje ya mstari, kwa ajili ya mshono. Sijawahi kufikiria kuiongeza, mkono huiongeza wenyewe. Lakini mbao haikunjwi ndani. Mbao hukutanishwa ukingo kwa ukingo, na kila kipande nilichokata kilikuwa na inchi yangu pande zote, na sasa kilikuwa kimegandishwa kwa gundi ngumu kama jiwe. Mazoea yana taabu.

Nilijitayarisha kugombezwa. Ningependa anigombeze. Yeye alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akafikiri, akaniuliza:

"Fundi, uliacha nafasi boti ikikuwa mkubwa?"

Ndivyo wanavyosema akina mama wanapoleta sare za watoto: acha nafasi, atakua. Nilicheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha, kwa sababu nilikuwa nahesabu wiki. Daktari alisema pengine mwaka. Tulikuwa tumekwisha kula miezi mingapi?

Muuza vipuri wa Mwanza akasema gundi hiyo hulegea ikipata moto. Basi nikatoa pasi ya mkaa, ile nzito ya marehemu mama, nikaweka kitambaa juu ya mshono, nikapiga pasi. Gundi ikianza kunuka na kulainika, mume wangu aliingiza kisu bapa, akafumua kidogo, kiasi cha shubiri, kisha tukasogea. Siku nzima tulipata urefu wa mkono mmoja. Na mvua zikaanza. Zile mvua za Kampala zinazoanza asubuhi bila radi, zinazokaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga. Mkaa ulikuwa na unyevu. Tulipomaliza kufumua, nikapunguza inchi yangu kila upande, tukatoboa upya, tukashona upya, na gundi mpya ikakataa kukauka kwa sababu hewa yenyewe ilikuwa maji. "Kawia ufike," yule wa Mwanza alituambia kila asubuhi. Nilitamani kumjibu kwamba wapo wanaokawia wakakuta mlango umefungwa.

Lakini nitasema ukweli. Sijawahi kuwa na siku tamu kuliko zile. Wateja walipungua kwa sababu ya matope. Tulibaki wawili, mvuke wa pasi unapanda, mvua imetuzungushia pazia, na mume wangu, ambaye kwa miaka yote ya ndoa alirudi nyumbani na kusema "kazi nzuri" na kulala, akaanza kusimulia. Alisimulia mawingu ya wadudu yanayosimama juu ya ziwa kama moshi. Alisimulia asubuhi moja ambayo maji yalitulia mpaka hakuona mahali yanapoishia na mbingu inapoanzia, na mkubwa wake akamfokea kwa kuzima injini. Nilipiga pasi nikiona yote. Mara nyingine nilisahau kwamba tunafumua kosa, nikadhani tunafanya tu kitu ambacho watu hufanya mvua ikinyesha.

Aliacha kunyoa ndevu wakati ule. Nilifurahi, nikadhani ni dini imemkolea. Alipiga msasa kwa kiganja kimoja kikitangulia na kingine kikifuata, akiinamisha kichwa pembeni kama anayesikiliza, na kazi yake ilitoka laini kuliko yangu. Siku tuliyofunika mtumbwi kwa kile kitambaa cha kioo, nilimwita asogee. Nilimimina gundi, nikaisambaza, na kitambaa cheupe kikapotea. Kilikuwepo, kikawa hakipo, ikabaki mbao inang'aa na mistari yake yote. "Umeona?" nikamuuliza. "Naona," akasema, "safi sana," na akaweka mkono wake juu ya wangu.

Tuliupeleka ziwani mwezi wa saba, asubuhi, kwa gari la mizigo la jirani. Tulipita Bugolobi jua likianza kugusa maghorofa, kaloli, wale korongo wenye upara, wamesimama juu ya paa wakitutazama kama wazee wa baraza. Mume wangu alikaa nyuma pamoja na mtumbwi, mkono wake umeulalia ubavuni. Luzira tukaushusha kwenye ufuko mdogo wa mchanga kati ya magugu maji, tukavaa maboya ya kifuani. Mimi sijui kuogelea. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa miezi mitano, nikalikumbuka maji yaliponifika vifundoni.

"Kaa mbele," nikamwambia. "Wewe ndiye unayetaka kuona."

"Mbele ni ya mtu hajui kazi. Nyuma ndiyo inashika njia."

Nikaingia, nikashikilia kingo mbili kama mtu aliyepanda ng'ombe. Mtumbwi ukayumba, ukafikiri, ukatulia. Haukuvuja. Maji ya kwanza yakapita chini yetu, yakinong'ona kwenye mbao niliyoijua kila tundu lake. Alipiga kafi bila haraka, mimi nikajaribu kumfuata, kisha nikaacha kujaribu.

"Kushoto iko nini?" akaniuliza.

Kuona kwake kwa pembeni kulikuwa kumepotea zamani, nilikuwa nimezoea kumsemea pembeni kila tuendapo. Nikamwambia kushoto kuna mafunjo, na ndege mdogo mweusi amening'inia kwenye bua moja la funjo, amelipinda mpaka majini. Kulia kuna mwanamume anatupa wavu, maji yanamfika kiunoni. Ukungu umekaa chini, juu yake vilima vinaelea. Aliniuliza ukungu ni mweupe au ni kama maziwa ya jana. Nikamwambia ni kama ya jana. Akacheka kidogo nyuma yangu. Nilisema na kusema, na woga wangu ukaondoka bila kuniaga. Nilijisikia mwepesi. Niliona fahari, nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba tumewahi.

Tukatoka nyuma ya mafunjo. Mbele yetu kulikuwa na meli ya mizigo imetia nanga, kubwa, imesimama peke yake katikati ya maji, inaziba vilima vyote. Ilikuwa moja kwa moja mbele ya pua ya mtumbwi.

"Na mbele?" akauliza.

"Afande, acha utani. Mbele si unaona mwenyewe."

Nilisikia kafi limeinuliwa, matone yanadondoka. Niligeuka taratibu, kwa kuogopa kuuyumbisha mtumbwi. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, mtulivu, macho wazi, na meli yote ilikuwa hapo, na hakuwa akiitazama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua."

Mvua zote zile tulikaa tukifumua inchi yangu. Nikasema kwamba ni mimi, kwamba ni mkono wangu uliomchelewesha, kwamba wiki zile zilikuwa zake na mimi nimezila. Nilikuwa nalia, na mtumbwi ulikuwa unatikisika kwa kulia kwangu.

"Wacha," akasema. "Kama nilisema, wewe ungelia, na boti haiishi. Sasa niambie. Mbele iko nini?"

Nilipangusa uso kwa ncha ya mtandio. Nikageuka, nikaitazama ile meli vizuri, kwa sababu sasa ilikuwa kazi. Nikamwambia ni meli ya mizigo, buluu juu na kutu chini, na kutu imeteremka kutoka kwenye mnyororo wa nanga kama chai iliyomwagika kwenye kanzu. Nikamwambia kuna suruali mbili zimeanikwa kwenye vyuma. Nikamwambia kuna mtu mmoja juu, ana kikombe mkononi, ametuona, na sasa anatupungia.

Mume wangu aliweka kafi magotini, akainua mkono, akapunga. Mkono wake ulielekea kwenye maji matupu.

"Kulia kidogo," nikamwambia.

Akausogeza kulia, akaendelea kupunga.